Shangazi Aliponifuata Maktabani

Mkutubi wa chuo aliniita baada ya kipindi, akaniuliza kama ningependa kumsaidia maktabani, kwa malipo kidogo, kuanzia saa tisa alasiri hadi karibu na magharibi, kupanga vitabu na kukaa mezani. Laiti ningeitikia pale pale! Nikaomba muda wa kufikiria, nikaenda kufikiria nyumbani.

Nyumba yetu ipo karibu na soko, hapa Tabora mjini, na baba ni fundi cherehani, anashona hapo hapo nyumbani na msaidizi wake. Nilikuwa mwaka wa pili wa ualimu. Nilimwambia mama peke yake, jikoni, kwa sauti ndogo. Kufikia alasiri baba alikuwa anajua, mteja aliyekuja kupimwa kanzu alikuwa anajua, na jirani alikwishatoa fatwa kwamba msichana akionja mshahara haolewi.

"Masomo utasoma saa ngapi?" baba aliuliza bila kusimamisha cherehani.

"Kwani hapa nasoma saa ngapi, baba?"

Hakunisikia. Cherehani mbili zikienda kwa pamoja, hata adhana huisikii. Ndiyo maana niliitaka kazi ile: nilitaka mahali ambapo watu wamekatazwa kuongea. Lakini pia niliogopa. Hesabu zilikuwa zinanishinda, na kama ningefeli, mtaa mzima ungesema, "Si tulikwambia?"

Mama akampigia simu shangazi yetu wa Sikonge, dada mkubwa wa baba, ambaye neno lake kwetu halipingwi. Shangazi alisema "nimesikia" tu, akakata.

Kesho yake mkutubi alikuwa ananionyesha rafu, nami bado sijampa jibu, mara mlangoni ikapigwa hodi ya kuitisha mtaa. Wanafunzi wote wakainua vichwa. Shangazi! Amejaa vumbi la basi, ameshika kidumu cha asali.

"Shikamoo, shangazi," nilinong'ona.

"Marahaba! Mbona unaongea kama mgonjwa?"

Akamgeukia mkutubi. "Na wewe baba, kwenu wapi?"

"Ntalikwa, mama."

"Ntalikwa kwa nani?"

Wakafukua ukoo mpaka wakakuta bibi mmoja anayefahamika na wote wawili. Kisha shangazi akakagua madirisha, akauliza choo kiko wapi na njia ya kurudi nyumbani ina watu jioni. Nyuma yangu watu walikuwa wanacheka wamefunika midomo. Nilitamani ardhi inimeze.

"Siku za mitihani utamwachia asome?" akamuuliza.

"Wiki za mitihani hafanyi kazi, mama. Ndio utaratibu wetu."

Swali hilo hilo ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi, na sikuwahi kuliuliza.

"Haya, wewe mwenyewe unataka?"

Tangu jana hakuna aliyeniuliza hivyo. "Nataka, shangazi."

"Sasa kama unataka, watu wote hawa unawasumbulia nini? Mimi nimeacha shamba langu!"

Eti mimi ndiye niliyewasumbua! Shangazi akamwachia mkutubi asali yote, na mama, aliyekuwa akiitarajia, akanuna siku kadhaa, akininunia mimi.

Nilianza Jumatatu. Maktaba ikiwa tupu nilikaa na hesabu zangu, na muhula ulipokwisha nikafaulu kwa taabu. Siku hizi baba akimpima mtu kanzu humwambia kwamba ni yeye aliyenishauri niichukue ile kazi. Nami hukaa pale pale, nikikunja vitambaa.