Mchezo wa Bi Zuwaina

Mtoto wa miaka miwili na nusu hafungiki kwenye kiti cha gari kutwa nzima. Anayesema anafungika hajazaa, au amezaa wakamlelea wengine. Wangu, Hilal, alianza kulia kabla hatujaupita mji wa Adam. Alirusha chupa ya maziwa, akatema tende, akaitaka simu ya baba yake. Tulipompa, mtandao ukakata. Mbele yetu barabara imenyooka, mchanga huku na huku, hivyo hivyo mpaka Salalah kwenye mvua.

"Mpe Mama," akasema Mundhir, mume wangu.

Sikutaka, lakini maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikamfungua mkanda nikampitisha upande wa pili, kwa Bi Zuwaina, mama mkwe wangu. Akampakata, akamshika kidevu.

"Wewe nani?"

Kilio kikakatika palepale. "Hilal."

"Hilal wa nani?"

"Wa Mundhir."

"Mundhir wa nani?"

"Wa Saif."

"Saif wa nani?"

"Wa Hamdan."

"Mnakaa wapi?"

"Samail. Mferejini."

"Na ukipotea?"

"Nakaa hapohapo. Mama anarudi."

Basi Bi Zuwaina hufungua fundo la ushungi wake, akatoa zabibu kavu moja, akamtia mtoto mdomoni. Kisha huanza upya. Ukikosea jina moja, zabibu hupati, hata ulie machozi ya damu. Watoto wote wa ukoo huu wamesafiri hivyo, mapajani mwake. Kuna mpwa wake sasa ni askari, ana ndevu, na bado akija kusalimia hushikwa kidevu. "Wewe nani?" Naye hujibu mpaka mwisho, akapokea zabibu yake, akashika njia.

Mchezo huo ulikuwa ukinitisha, nasema kweli, kwa sababu nilijua ulikotoka.

Kabla ya Mundhir, Bi Zuwaina alikuwa na mtoto mwingine. Wawili waliomtangulia hawakufikisha arobaini, watu wakasema ni jicho. Huyu wa tatu alipozaliwa wakalificha jina lake, wakamwita Kiatu. Nani atakihusudu kiatu? Nyumbani Kiatu, sokoni Kiatu, jina lake mwenyewe hajawahi kulisikia. Alipofika umri huu wa Hilal, ukoo ukasafiri kwenda Salalah, magari matatu yakifuatana, watoto wakihama gari hili kwenda lile kila kituo. Baada ya mji wa Haima walisimama kwenye kituo cha mafuta, wakaswali, wakanywa kahawa, wakaondoka. Gari la mbele lilijua yuko la kati. La kati lilijua yuko la nyuma.

Waliporudi kumtafuta, hayupo. Wabedui hodari wa kufuata nyayo wakaziona nyayo zake, ndogo ndogo, kutoka nyuma ya msikiti mpaka kwenye lami. Kwenye lami zikaisha. Mtu alimpakia. Labda mtu mwema, akamuuliza mtoto, wewe nani? Naye akamjibu, Kiatu. Sasa mtu utamrudisha kwao mtoto anayeitwa Kiatu?

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami sikumlaumu. Ila tangu hapo, kila safari lazima washuke kituo kile, na mwaka jana niliyaona kwa macho yangu. Bi Zuwaina, Hilal akiwa mkononi mwake, alimshika mkono dereva wa lori, mtu mzima wa makamo, umri ambao Kiatu angekuwa nao. "Mwanangu, wewe wa nani?" Yule kwa heshima akamtajia baba, babu na babu wa babu. "Walikufunza vizuri," Bi Zuwaina akasema, akamwachia, akamfuata mwingine. Watu wakageuka kututazama. Niliona haya, tena niliogopa. Wiki nzima baadaye mwanangu akawa anamuuliza kila mgeni mlangoni kwetu, wewe wa nani, na uso mkavu kama wa bibi yake.

Nikamwambia Mundhir, mwaka huu hatusimami pale. Ama hivyo ama mimi siendi. Mundhir akanitazama sana, kisha akasema sawa.

Kwa hiyo tulipofika Haima, Mundhir alijaza tangi.

"Una nusu nzima," Mama akamwambia. "Unajaza ya nini?"

"Nataka tufike mapema, Mama."

Aliiangalia tu ile mashine ya mafuta mpaka ikasimama. Alijua, na mimi nikajua kwamba amejua, nikajitia kutafuta kitu mkobani.

Tukaendelea. Upepo ulikuwa ukisukuma mchanga juu ya lami. Wewe nani? Hilal. Wa nani? Zabibu. Tena. Mwishowe nikakiona kituo kwa mbali: paa la kituo cha mafuta, mkahawa, mnara mfupi wa msikiti. Mundhir akakanyaga mafuta.

"Saif wa..." Mama akasema, akageukia dirishani.

Kituo kikapita upande wake. Alikuwa ameuweka mkono wazi kwenye kioo. Hakulia, hakusema simama. Laiti angelisema. Nilingoja niione nafuu niliyoitaka mwaka mzima, nikaona tu kana kwamba sisi ndio lile gari la nyuma.

Hilal hakupenda mchezo ukatike. Akajigeuza mapajani, akamshika bibi yake kidevu.

"Wewe nani?"

"Zuwaina," akajibu polepole.

"Wa nani?"

Nilidhani atamtaja baba yake, au atasema mama wa Mundhir, kama Samail nzima inavyomwita.

"Mama wa Muhanna."

Gari likapungua mwendo. Miaka yote niliyokaa nyumba ile sijapata kulisikia jina hilo. Mundhir alikuwa amelisoma kwenye karatasi za serikali, lakini kinywani mwa mama yake hajalisikia.

"Muhanna wa nani?" Hilal akauliza. Mchezo ni mchezo.

"Wa Saif."

"Saif wa nani?"

"Wa Hamdan."

"Anakaa wapi?"

"Samail. Mferejini."

"Na akipotea?"

Mama akageuka kutazama tulikotoka.

"Anakaa hapohapo," akasema. "Mama anarudi."

Hilal akaridhika. Akaingiza vidole kwenye fundo la ushungi, akatoa zabibu, akaitia mdomoni mwa bibi yake.

"Geuza gari," nikamwambia Mundhir. Alikuwa ameshaanza kugeuza.

Kituoni upepo ulikuwa mkali. Mama alishuka, akajifunga ushungi, akasimama karibu na lami akiyatazama magari. Nikamweka Hilal kiunoni, nikaenda nikasimama naye.

Lori likaingia. Akashuka mtu wa makamo, mvi kidogo kidevuni, akielekea msikitini. Mama akamtazama, akainua mkono, ukaishia njiani.

Nikamtangulia.

"Kaka, samahani," nikamwambia. "Wewe wa nani?"