Siku Mjomba Alipokuja Kumwona Masta

Wakati huo nilikuwa nafundisha Kiingereza kwenye sekondari moja ya Korogwe, na nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba yenye wapangaji wengi na choo kimoja, uani, karibu na mpapai. Asubuhi wanawake tulijipanga pale, kila mmoja na ndoo yake. Mwenye haraka alikohoa. Aliyekuwa ndani alijibu kwa kukohoa naye, na hakutoka. Nilichelewa kipindi cha kwanza mara nyingi mpaka mkuu wa shule akaacha kuniuliza sababu, akawa ananitazama viatu tu.

Kwa hiyo siku dalali aliponipigia simu kuniambia amenipatia masta, nilitaka kuruka. Madalali wetu wakisema masta, wana maana ya chumba chenye choo na bafu humo humo ndani. Nilikwenda kukiona siku ile ile. Nyumba ilikuwa mpya, rangi bado inanukia, na mwenye nyumba, mzee mstaafu, Msambaa wa Bungu, alinifungulia mlango wa choo kwa madaha kama anafungua kabati la vyombo vya wageni. Nikakubali hapo hapo.

Kesho yake, Alhamisi, nikiwa ofisi ya walimu, nilimpigia mama. Mama anaishi Handeni, analima mahindi, na nyumbani kwake mtandao unapatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya jiko. Ukimpigia husikia kwanza akihema kupanda, halafu ndiyo salamu. Siku hiyo sauti ilikuwa inakuja na kupotea, ikabidi nipaze yangu. Na kwa kuwa walimu wa kiume walikuwa wamekaa pembeni yangu wanasahihisha madaftari, niliona haya kupayuka habari za choo.

"Mama, nimepata masta!"

"Umepata nani?"

"Masta! Masta yangu mwenyewe!"

Nikadhani simu imekatika.

"Mwanangu," akasema mama, sauti imeshuka. "Mzuri?"

"Sana, mama! Safi kabisa."

"Na hakuna mwingine? Hakuna aliyetangulia?"

"Hakuna. Wa kwanza ni mimi."

"Alhamdulillahi. Sasa lini?"

"Nahamia Jumamosi."

"Unahamia?"

"Jumamosi asubuhi. Nimechoka, mama. Miaka yote hii napanga foleni na wanawake wenzangu. Imetosha!"

Hapo mtandao ukakatika kweli. Walimu wenzangu walikuwa wameacha kusahihisha, wananitazama.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na nimeirudia ile simu kichwani mara nyingi nikitafuta kosa langu la sarufi. Silioni. Rafiki ni yangu, kaka ni yangu, shemeji ni yangu; ukisikia mtu anasema masta yangu, utajuaje kwamba hamsemi mtu? Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, sijaolewa. Mama alikuwa ameacha kuniuliza habari hizo, amezihamishia kwenye dua.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye. Mama aliteremka kwenye kichuguu, akajifunga kanga ya pili, akaenda moja kwa moja kwa mjomba. Kwetu Wazigua mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya mpwa wake, na mjomba wangu huyu, kaka mkubwa wa mama, ana sauti kubwa hata pasipo na jambo lolote. Zaidi ya hapo, alijua masta ni nani. Ujanani alikuwa kibarua stesheni ya Korogwe, akipakia marobota ya mkonge, na stesheni masta wa siku hizo alimwingia moyoni akabaki humo. Alivaa nguo nyeupe na kofia ya chapeo, ana kibendera cha kijani mkononi. Treni nzima, na wazungu wake ndani, ilisubiri ainue mkono yule mtu mmoja.

"Kama ni masta," mjomba alimwambia mama, "basi mtoto amefika. Lakini kuhamia kabla ya nikaha? Hapana."

Uamuzi wake ulikuwa kwamba waende watatu: yeye, mama, na ustadhi wa madrasa ya pale kijijini, ili ndoa ifungwe kabla godoro halijatua chini. Mama alijaribu kunipigia. Simu yangu ilikuwa haina chaji, kwa hiyo Jumamosi walikwenda kwanza kwenye chumba changu cha zamani, na wapangaji wakawaelekeza nilikohamia.

Basi Jumamosi asubuhi, guta limeshashusha godoro langu, sufuria na masanduku mawili ya vitabu, mimi niko chooni nasugua sakafu kwa furaha, nikasikia mtu anabisha hodi barazani. Dirisha dogo la choo linatazama huko huko. Mwenye nyumba akaitikia. Halafu nikasikia sauti ambayo ningeitambua hata usingizini.

"Tumekuja kwa ajili ya masta," alisema mjomba.

"Karibuni, wazee wangu," alijibu mwenye nyumba. "Lakini mmechelewa. Kuna binti mmoja, mwalimu, keshachukua."

"Huyo binti ni wetu."

"Ni wenu! Basi hongereni. Amepata kitu cha uhakika. Hapa walikuja wengi wakitaka, hata wanawake wenye waume zao. Kuna bibi mmoja alikuja na mumewe kabisa, wakanibembeleza wachukue wote wawili."

"Astaghfirullah," ikasema sauti nisiyoijua. Ndiye alikuwa ustadhi.

"Wewe ukawajibuje?" aliuliza mjomba, na nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu.

"Niliwaambia hapana. Nilitaka mtu mmoja, mtulivu. Sipendi vurugu humu."

"Umefanya vizuri sana," alisema mama.

Mimi nilichoelewa ni kwamba ndugu zangu wametoka Handeni kuja kunipongeza kwa chumba. Niliguswa. Nikatoka mbio, nguo imelowa chini, brashi ya choo mkononi, nikawaamkia mmoja mmoja. Mjomba alikuwa kavaa kanzu, koti na balaghashia mpya. Mama alikuwa na kuku chini ya kwapa, na macho yake yalinipita, yanatafuta mtu nyuma yangu.

"Tuonyeshe masta," alisema mjomba.

"Karibuni ndani, tena mtafurahi."

Walivua viatu. Ustadhi alitangulia, akasimama katikati ya chumba, akasema, "Assalaam alaykum," akaliangalia godoro langu kama anangoja liitikie. Mjomba alikohoa. Akaona ule mlango wa pili, pale kwenye kona, umefungwa.

"Yumo humo?"

"Humo humo, mjomba."

"Anafanya nini huko, wageni wamefika?"

Swali hilo lilinishtua, lakini mkono wangu ulikuwa umeshausukuma mlango. Ukafunguka wote. Choo cheupe cha kukaa, kimesuguliwa kinang'aa. Bomba la mvua juu. Ndoo ya bluu. Marumaru mpaka usawa wa kifua. Wote watatu walichungulia. Mjomba aliingiza kichwa, akatazama nyuma ya mlango.

"Hakuna mtu," alisema.

"Mtu gani?"

"Masta."

"Mjomba," nilisema, "masta ndiyo hii."

Mama alikaa kwenye godoro, kuku bado kwapani. Kuku ndiye wa kwanza kusema kitu. Halafu mwenye nyumba, aliyekuwa kasimama mlangoni, akaelewa, akatoka haraka, na tukamsikia barazani akicheka mpaka akapaliwa.

Kazi ya kueleza ilibaki kwangu, maana nalipwa kwa kazi hiyo. Nilianza vizuri. Nikasema masta kwa Kiingereza ni bwana, mwenye amri. Pia ni mwalimu, ndiyo tukapata hedimasta. Pia ni fundi aliyebobea kwenye kazi yake. Na chumba kikubwa cha ndani ya nyumba, kile anacholala mwenye nyumba, nacho hubeba jina hilo.

"Mbona mwenye nyumba halali humu?" aliuliza mjomba.

"Kanipangisha mimi."

"Kwa hiyo masta ni wewe."

"Hapana, mjomba. Masta ni chumba."

"Chumba kina amri gani?"

Ustadhi, mtu mpole aliyependa elimu ya kila aina, aliuliza kama zile swichi kubwa zinazozima umeme wa nyumba nzima ni neno hilo hilo. Nikasema ndilo. Na ufunguo mmoja unaofungua milango yote? Ndilo. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini," akasema. "Wazungu wana neno moja tu."

Hapo nikafanya ujinga. Nikasema kwamba hata mimi nilikuwa nimeomba chuo, nikasome masta, shahada ya pili.

"Masta nyingine?" mjomba alipiga kelele. "Hii ina choo?"

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kimya kwanza, mabega yanatikisika, halafu ikamtoka sauti, akamwachia kuku, akajipiga mapaja. Nami nikacheka, hata ustadhi akaficha uso kwa kofia yake. Nilipomtazama mama tena, machozi yalikuwa yanamteremka na sikuweza kujua ni ya upande gani.

"Siku mbili hizi nilikuwa na mkwe," alisema. "Nilishaanza kumzoea."

Nikakaa naye kwenye godoro. Nikamshika mkono, akauminya, kisha akauachia kwa sababu kuku alikuwa anaelekea kwenye masanduku yangu ya vitabu.

Mjomba hakucheka. Aliona stesheni masta ametukanwa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kidevu juu ya fimbo, mpaka haja ikambana. Alikataa kwa muda kwenda humo, akauliza choo cha nje kiko wapi. Hakuna, nikamwambia, ndiyo raha yenyewe. Akaingia akafunga mlango. Akakaa sana. Tulisikia maji yakivutwa, halafu yakivutwa tena bila sababu, halafu kelele kubwa. Alikuwa ametafuta bomba la kunawia, akafungua la mvua. Akatoka na kanzu imemganda mwilini na balaghashia inachuruzika, akatutazama kila mmoja kwa zamu kuona nani atathubutu kucheka.

"Yana nguvu," alisema.

Nilimpa kanga mbili ajifunge wakati kanzu inakauka. Kuku alipikwa na wali, na mwenye nyumba akaja kula nasi. Wazigua na Wasambaa ni watani, kwa hiyo alimwuliza mjomba mahari ya choo huko Handeni ni ng'ombe wangapi. Mjomba akamjibu kwamba Wasambaa wangekijua choo mapema wasingejenga juu ya milima. Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri.

Jioni, kanzu imekauka, mjomba alitaka kwenda stesheni. Nikampeleka. Majengo yapo, reli ipo, watu wachache. Aliuliza kwa mlinzi kama anaweza kumsalimia stesheni masta. Akatoka binti wa umri wangu, kavaa kizibao cha rangi ya machungwa kile cha kung'aa, simu sikioni. Akaiteremsha alipomwona mzee.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Namtafuta masta."

"Ndiye mimi."

Mjomba alinigeukia taratibu. Nadhani alitaka nimhakikishie kwamba safari hii ni mtu. Nikaitikia kwa kichwa. Akavua balaghashia, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele ya mtu yeyote, akamweleza yule binti kwamba zamani alipakia mkonge hapa hapa. Binti akamwuliza walikuwa wanabeba marobota mangapi kwa pamoja na kama mgongo haukuumia. Wakaongea mpaka simu ya ofisini ikalia. Njiani kurudi mjomba aliniuliza kama wanaume wanaofanya kazi pale wanamtii. Nikasema nadhani ndiyo. "Wamtii," alisema.

Yeye na ustadhi waliondoka kesho yake. Mama alisema atabaki siku moja anisaidie kupanga vyombo. Vyombo vyangu vilikuwa vichache, vikapangwa kabla ya adhuhuri, lakini mama alikaa wiki nzima. Alioga asubuhi, mchana na jioni, akiimba humo ndani. Sikuwahi kumsikia akiimba bafuni, maana kwetu bafu ni uzio wa makuti na kila apitaye njiani anakusikia. Nilikuwa nakwenda kazini mapema, hakuna foleni, narudi nakuta amenipikia ugali na kisamvu. Usiku tuliongea mambo tuliyokuwa hatuyaongei, pamoja na lile la kuolewa. Aliniuliza mara moja, kwa utulivu, kama nataka. Nikamwambia nataka, akija mtu wa maana. Akasema sawa, na akaniomba nizime taa.

Aliporudi Handeni majirani walikuwa wanamngoja. Habari za masta zilikuwa zimeenea, wengine walishanunua vitenge vya sare. Mama aliwakalisha kwenye mkeka akawaeleza yote bila kuficha: masta si mwanamume, ni chumba, kina choo ndani, maji yanatoka juu ya kichwa, mlango unafungwa kwa ndani na hakuna anayekugongea. Waliguna. Wengine walimpa pole.

Jirani wa mkono wa kulia, mwanamke aliyeolewa tangu msichana na kuzaa watoto tisa, alizungusha bangili zake. Halafu akauliza kama Korogwe kumebaki nyingine.