Lori Lililogeuza Tupu Kasesya

Niliposikia lori la mnunuzi wetu limefika Kasesya, mpakani, nilikimbilia huko, nikakuta dereva ameshaliwasha. Tupu.

"Mama, bosi wangu kule Zambia ameandika weee, hamjibu," aliniambia kutoka dirishani. "Kasema nikifika mpakani nisione mtu, nigeuze."

Nikashika mlango. "Baba, maharage yapo Sumbawanga, yamefungwa kwenye magunia!"

"Yapo, sawa. Sasa hapa nipakie maneno?"

Akaondoka. Nikabaki na vumbi lake.

Ushirika uliokuwa ukinunua mazao yetu ulipokufa tuliambiwa sasa ni soko huria, jitafutieni wanunuzi. Tukajitafutia. Kikundi chetu cha wanawake, pale Mazwi, Sumbawanga, kikampata huyo wa Zambia. Yeye hakutaka habari za simu, kila kitu kiandikwe kwa barua pepe. Na zilikuwa zinafika. Siku ya soko napita duka la intaneti, nasomewa, tunajibu.

Ndipo mwenye duka, ambaye ndiye fundi wetu, akalihamishia jina la kikundi la mtandaoni, lenye picha za maharage yetu na sanduku la barua, kwenye kampuni nyingine, eti ya kisasa. Darasa langu la saba halifiki huko, ila baadaye nilieleweshwa. Jina lile lina maelekezo yake: anayekuja kutazama picha zetu apite huku, mwenye barua apite kule. Fundi alibadilisha ya picha. Ya barua akayaacha yaelekee kwenye kampuni ya zamani, ambako sanduku letu lilishafungwa.

Nilimuuliza, "Kaka, mbona kimya hivi?"

"Dada, si nimejaribu mbele yako?"

Kweli, alijitumia barua ikafika palepale. Kumbe aliituma kutoka humohumo kwenye mashine mpya. Ni sawa na kumwita mtu uliye naye chumbani, ukimsikia anaitika useme barabara ya kuja kwenu ni nzima.

Nikaenda kwa mwenyekiti wetu. "Mama wee, usimsumbue fundi wa watu," akasema. "Akisusa, utakaa wewe kwenye kompyuta?" Wenzangu wakacheka.

Walanguzi tulishawanyima maharage, tukimngoja huyo. Wadudu wakayala, tukabaki tunapepeta vumbi. Kikundi kikafa.

Fundi yupo, duka limepanuka, anaitwa mtaalamu. Mwenyekiti yupo, kanisani hakosi benchi la mbele. Pole zenu sizitaki. Fundi, simama mbele ya wanawake wale utujibu: barua za yule mtu ulizielekeza wapi? Na wewe mwenyekiti uliyeninyamazisha, simama naye hapohapo.