Kadi ya Shilingi ya Mama Abbas

Mama Abbas amekufa, wameshamzika, na mie bado nangojea simu ilie nimsikie akinitukana.

Naongea, simu inaandika, nawatumia nyote. Shule sikwenda, mnajua. Ikikosea herufi gombaneni nayo yenyewe, mie niacheni nimlilie shoga yangu.

Jina lake Nargis. Wa zamani hapa Temeke mtamkumbuka: yule Mhindi mwembamba wa duka la vyombo, mwenye Kiswahili cha kuwashinda wenyeji kwa matusi. Mie nilikuwa nakaanga mihogo barazani kwake. Hapo ndipo ofisini kwangu, na bosi wangu karai.

Miaka ile ya tisini, bidhaa za nje zilipoanza kumiminika, mumewe akarudi safari na televisheni na gemu. Akaviweka chumba cha nyuma, watoto wakawa wanakuja kucheza kwa kulipia. Ila mchana watoto wako shule, duka limefungwa, mume kalala. Mama Abbas anachungulia: "Mama Salumu, epua mihogo, njoo tukapigane!"

Halikuwa gemu la kukimbizana. Mashujaa wanaruka na majoho yao, lakini kila mtu ana zamu yake. Unapewa kadi, unachagua moja, unatulia, adui naye anachagua yake. Kama karata tu, ila hizi zinatoa moto.

Majina yao ya Kizungu yalitushinda, tukawabatiza. Bibi Radi. Kipara. Na mmoja wa kike mwenye barakoa nyeusi, anakaaga peke yake, huyo nikamwita Mjane.

Vita ikiisha wanarudi nyumbani kwao, na hapo wewe ndiye unayepanga nani akae na nani wapige soga. Wakishazoeana wanapata kadi ya pamoja, ina nguvu hiyo! Mie kila siku namkalisha Mjane na Bibi Radi. Mama Abbas anafoka, "Mkalishe na Kipara, tutapigwa!"

"Kipara ana marafiki. Huyu hana."

"Haya, tupigwe basi." Na tulipigwa kweli.

Sasa kulikuwa na kadi moja. Mie herufi nilizozijua ni zile za kwenye noti tu. Nikaiona imeanza vile vile, S, H, I. Nikaruka: "Hii shilingi!"

Mama Abbas akaiangalia kadi. Akaniangalia mie. "Eeh," akasema. "Shilingi."

Na ukimwekea mwenzio shilingi, adui akipiga, mwenzio haumii. Nikaona sawa kabisa. Duniani si ndivyo ilivyo?

Likawa neno letu. Nikishikwa na homa, anaingia na uji: "Nakuwekea shilingi, kunywa, usinifanyie deko." Abbas wake alipokwenda ng'ambo kusoma, hajamaliza hata kufungua mdomo alie, nimeshafika na mkeka wangu.

Baba Salumu alipofariki, shemeji zangu walikuja na mkokoteni kunitoa ndani ya nyumba. Mama Abbas akaja na kigoda, akakaa katikati ya mlango, mkoba mapajani.

"We mama, unataka nini hapa?"

"Nimekuja kumwekea shilingi."

Jamani! Wakadhani analipa. Wakakaa chini kwa adabu, wanangoja mkoba ufunguliwe. Jua likageuka. Akaufungua, akatoa tambuu, akaanza kutafuna. "Zamu yenu imekwisha," akawaambia. "Nendeni kwenu."

Wakaenda. Nyumba ndiyo hii niliyomo. Kigoda akakiacha, hakukidai tena.

Msibani kwa Mama Abbas wanawake wa kwao wote wamevaa nyeusi, mie na kanga yangu nimejibanza ukutani kama Mjane. Wanaonijua wengi wameshatangulia. Sakina, binti yake, akaja akakaa nami.

Nikamwambia, "Mwanangu, mama yako safari hii sikuwahi kumwekea shilingi."

Akacheka huku analia. "Mamkubwa, ile kadi haijaandikwa shilingi. Kile Kiingereza, shield. Maana yake ngao. Mama alijua tangu siku ile ile."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema neno lako ndilo linalofanya kazi."

Mwongo mkubwa yule! Miaka yote hiyo, anasoma kila kadi, ananiangalia tu! Nikainuka nikamgombeze. Nimeshashika mtandio, nimeshapiga hatua, ndipo nikakumbuka hayupo wa kumgombeza. Hapo ndipo alipokufa, kwangu mie.

Tangu hapo mchana wangu ni mrefu. Mnanipigia, "Pole bibi," mnakata. Mnanitumia maua kwenye simu. Maua ya simu nitayafanyaje, nikaange? Simu zote hizo, hakuna hata mmoja anayenitukana ndipo aniulize kama nimekula.

Mama Abbas, sisi wanawake kuzika hatuendi. Lakini jana nilikibeba kile kigoda chako, nikaenda nikakaa getini pa makaburi, katikati kabisa, mpaka jua likageuka. Mlinzi akanijia. "Shikamoo bibi. Unataka nini hapa?"

"Marahaba. Nimekuja kumwekea mtu shilingi."

Akanionyesha kwa kidole sanduku la sadaka.

Ungecheka weye, tambuu ingekupalia. Mie nilicheka peke yangu, na kucheka peke yako, shoga, ni kazi ngumu kuliko kulia.

Zamu yako imekwisha. Lala, Nargis wangu, lala bila wasiwasi. Mlangoni nimekaa mie.