Sahani Nane za Mama na Vidaka vya Kheiria

Dada yangu Kheiria anakaa Al Khoudh, katika nyumba yenye dohani. Wageni huishangaa, maana Maskati mtu hutafuta baridi, hatafuti moto. Mumewe, shemeji Sleiman, alisoma miaka mitano katika nchi ya theluji, na aliporudi akaichora nyumba yake mwenyewe. Sebuleni akaweka mahali pa kuwashia kuni, na juu yake ukuta uliotokeza mbele mpaka darini. Kuni hazijapata kuwashwa hata siku moja. Ukuta ule uliacha nafasi mbili zilizoingia ndani, kulia na kushoto, na kwa miaka kumi na minane katika nafasi hizo zilikaa meza ya pasi na baiskeli ya mazoezi.

Kheiria alifanya kazi wizarani, Al Khuwair, miaka thelathini, akitunza mafaili. Alipostaafu akasema sasa ni zamu ya sebule. Alianza kwa kuweka chetezo mahali pa kuni, afukize udi. Moshi wote ukapanda ukatokea juu ya nyumba.

"Njiwa wa mtaa mzima wananukia," shemeji akasema. "Sisi humu tunanuka samaki."

"Dohani yako hiyo. Waambie njiwa wakuombee dua."

Akamwita fundi akaiziba.

Mama yetu, Bi Mazoon, alifariki mwezi wa Rajabu, Mwenyezi Mungu amrehemu na amnawirishie kaburi lake. Alikuwa akiishi kwa Kheiria. Aliacha sahani nane za kaure zenye maua ya buluu, alizotoka nazo Unguja zimefungwa ndani ya kanga. Kwao zilikaa kwenye vidaka, vile vishubaka vya ukutani, kila sahani na mahali pake. Huku zilikaa kwenye boksi chini ya kitanda. Mimi sikuweza hata kulisogeza boksi lile. Nikiiona buibui ya mama tu machozi hunitoka. Kheiria aliweza.

Alichora kwenye karatasi ya mirabaraba, akamsimamia fundi wiki mbili. Kila upande wa dohani vikajengwa vidaka vinne vyenye matao, rangi nyeupe, na taa ndogo ndani. Juu kabisa akaacha rafu ya misahafu, kwani Kitabu hakikai chini ya sahani. Ukuta wa katikati hakuutundikia kitu, kwa sababu huko ndiko kibla na sebuleni ndipo tunaposali jamaa.

Ijumaa akatuita chakula cha mchana. Mimi nilipoingia nililia kidogo, kisha nikajikuta nacheka kwa uzuri wake. Kaka yetu Hatem alikuja kutoka Bustan. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu.

"Pamependeza, dada."

"Umeona eh?"

"Pamependeza sana. Hizi sahani ni za nani?"

"Za mama."

"Mama keshafariki. Nakuuliza za nani sasa."

Mirathi tulikwisha kugawana, dhahabu na kiwanja, lakini boksi la chini ya kitanda hakuna aliyelikumbuka. Kheiria, ambaye hakuwahi kupoteza faili la mtu, alikuwa amepamba ukuta wake kwa mali ya warithi bila ya kuwauliza. Nilimwona akikaa chini. Tangu msiba, vidaka vile ndiyo kazi pekee aliyoifanya kwa raha, na sasa aliona sahani zitatawanyika nyumba tatu.

"Nimekosa," akasema. "Nilikuwa nikizipanga kama kwamba mwenyewe anakuja kuziona."

Akaziteremsha moja moja, akazitandaza kwenye busati. Mama aliacha mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Mwanamume hupata mafungu mawili, kwa hiyo nne za Hatem, mbili zangu, mbili zake.

"Haya, chagua," akamwambia Hatem. "Nna haraka, wali unapoa."

"Mbona unanisogezea zilizomeguka?"

"Sijakusogezea. Macho si unayo?"

Hatem alichagua taratibu, kama anayenunua tende. Ya mwisho aliyoishika ilikuwa imemeguka ukingoni.

"Hii ndiyo mama alikuwa akinipakulia mimi. Nyinyi mkila kwenye bati."

"Kwa sababu bila ya hiyo ulikuwa huli," nikamwambia.

Akazipakata zote nne. "Haki yangu nimeipata?"

"Umeipata," Kheiria akasema.

"Shariffa, wewe shahidi?"

"Mimi shahidi."

"Basi hii mbovu nakwenda nayo. Tatu zirudi ukutani, na ni zangu. Nilitaka kuulizwa tu, dada."

"Nimekuuliza."

"Umeniuliza baada ya kupaka rangi."

Shemeji akacheka peke yake. Kisha Kheiria akanigeukia mimi. Sikutegemea, mimi kitindamimba, huulizwa mwisho, au siulizwi kabisa. "Na wewe, mdogo wangu?"

Nilizishika mbili zangu mpaka zikapata joto la mikono. Nikasema zibaki, lakini nizirudishe mwenyewe. Akanivutia kiti nipande, akanishika miguu nisianguke.

Hatem aliondoka na yake imefungwa kwa taulo. Kidaka kimoja sasa ni kitupu, upande wa kushoto. Kheiria hajatia kitu. Kila Alhamisi hukifuta vumbi pamoja na vingine.