Mlinzi wa Daraja

Kwa miaka ishirini na tatu nimekula kwa kuandika maneno ambayo watu huyaruka. Si mzaha. Katika michezo ya video kuna mahali mhusika husimama na kusema jambo, na mchezaji ana kitufe cha kuyapitisha maneno yake. Maneno hayo ndiyo kazi yangu, na kitufe hicho ndicho adui yangu. Kampuni hunipa mkataba wa mchezo mmoja mmoja, nami huandikia nyumbani, kwenye meza ya kulia, nimevaa shati la heshima na kaptura, maana kwenye vikao vya kompyuta huonekana kifua tu.

Mwaka huu simu ziliacha kuita. Kampuni mbili nilizozitegemea zilinijibu "tutakutafuta", na mtu mzima anajua maana ya jibu hilo. Mke wangu alianza kukata matangazo ya kazi gazetini na kuyaweka chini ya kikombe changu. Moja lilikuwa la maktaba. Walikuwa wanafungua chumba cha michezo ya zamani, ile ya kaseti na pedi za kuchezea zenye waya, wakamtaka mtu wa kukisimamia na kufundisha uandishi wa hadithi. Niliomba. Msimamizi wa maktaba, mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, alinipokea kwa mikono miwili.

"Kumbe ni wewe uliyeandika lile gemu la daraja!" aliniambia. "Wanangu walikuwa hawana mbavu. Jumamosi njoo utuonyeshe yule mlinzi, mbele ya kamati. Ukiwachekesha tu, kazi yako hiyo."

Nilicheka naye, nikakubali.

Mlinzi huyo alikuwa mhusika wangu wa kwanza. Ana kigugumizi. Mchezaji akifika darajani, mlinzi huanza kumpa neno la kupitia, silabi kwa silabi, huku akijipigapiga paja. Ukibonyeza kitufe kumharakisha, anarudi mwanzo. Maneno yangu mengine yote yanarukwa. Ya kwake hayarukiki. Watu walipiga kelele, wakacheka, wakamwigiza vijiweni, na ndiye aliyenipatia kila kazi iliyofuata. Juu ya kichwa chake, mahali pa jina, niliandika "Kigugumizi". Sisi waandishi wa michezo huweka neno lolote la muda, tukinuia kulibadilisha kabla mchezo haujatoka. Hili nilisahau. Tuseme nilijisahaulisha.

Kujipigapiga paja sikukubuni. Ni tabia ya kaka yangu.

Kaka ni fundi wa redio na televisheni. Baba alipofariki, yeye aliacha shule ili mimi niendelee. Ana kigugumizi tangu utotoni, na ukimkatiza hana budi kuanza upya. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namsemea: akianza neno dukani, mimi nalimalizia. Majirani walinisifu, mtoto gani huyu anavyompenda kaka yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu kusimama naye watu wakisubiri. Mchezo ulipotoka nilimdanganya kuwa ni wa magari. Aliamini, akawatangazia wateja wake wote kwamba mdogo wake anatengeneza magari ya kwenye televisheni.

Alhamisi yule mama alinipigia. Mashine ya michezo ya maktaba ilikuwa imekufa, wameipeleka kwa fundi pekee anayezijua bado, pamoja na kaseti yenye jina langu ili aijaribie. Je, ningeweza kuichukua? Akaanza kunielekeza njia. Sikumwambia kwamba duka hilo ni la kaka, aliloachiwa na baba, na kwamba nalijua tangu natambaa.

Nilikwenda mbio za mtu asiyetaka kuonekana anakimbia. Nilichelewa. Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, mbele yake televisheni isiyo na kifuniko, na kwenye kioo lilikuwapo daraja langu. Mlinzi alikuwa katikati ya neno. Pedi ilikuwa juu ya goti la kaka, vidole vyake mbali na vitufe. Nimeona mamia ya watu wakifika pale, na kila mmoja alibonyeza. Yeye alingoja. Mlinzi akafika mwisho wa neno lake, daraja likafunguka, na kaka hakuvuka.

"Kaka, ngoja nikueleze..."

Akainua mkono. "Na-na-na..."

"Najua umekasirika," nikadakia.

Akafunga mdomo. Akajipiga paja mara moja, akaanza upya. "Na-na..."

"Nisamehe, kaka, nilikuwa kijana."

Akaanza upya. Hapo ndipo nilipotambua ninachokifanya, nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikakaa juu ya sanduku la spika, nikauma ulimi.

"Na-nauliza, mdogo wangu," akasema hatimaye. "Huyu ha-hana jina?"

"Nilisahau kuliandika."

Akaitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia mteja anayeapa kwamba redio ilijiangusha yenyewe. Akazima mashine, akaifuta vumbi, akaifungia kikaratasi alichoandika "Imepona".

"Yule mama ka-kanialika Jumamosi," akasema. "Nita-nitakuja."

Alikuja, shati limepigwa pasi, akakaa mstari wa mbele. Nilikuwa nimepanga kuonyesha sehemu nyingine ya mchezo, lakini kamati ilimtaka mlinzi, nami nilikuwa naitaka kazi. Nikauwasha mchezo. Mjumbe mmoja akabonyeza, mlinzi akarudi mwanzo, ukumbi ukaangua kicheko. Akabonyeza tena. Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Sikuthubutu kumtazama kaka.

"Sasa tuambie," yule mama akasema akifuta miwani, "huyu kiumbe ulimtoa wapi?"

Nilifungua kinywa. Jibu lilikuwa fupi, maneno matatu, tena nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwenye kioo cha bafuni. Halikutoka.

"Nili... nilim..."

Watu wakadhani naigiza, wakacheka zaidi. Kaka peke yake hakucheka. Angeweza kunimalizia, maana jibu alilijua kuliko mtu yeyote mle ndani. Alikaa tu, mikono juu ya mapaja, ananingoja.

"Ulimtoa kichwani mwako, bila shaka!" akadakia yule mama kwa ukarimu wake. "Waandishi bwana!"

Kamati ikapiga makofi. Mlango ulikuwa wazi, na upande wa pili kulikuwa na kazi, funguo za chumba na mke wangu ametulia. Ilitosha kutabasamu tu.

Kaka akajipiga paja, mara moja.

Nikaanza upya.