Mashine yangu ilitoa majibu mbili, nikasema moja tu

Admin, ficha jina langu, Butembo ni muji mudogo, bantu banajuana. Niko mwanamuke wa miaka 31, niko na bwana na batoto babili. Nilisoma informatique, mambo ya kompyuta, ku Beni, sasa niko natumika mu depo ya yaya yangu, kaka yetu mukubwa, mwenye kuleta vitu kutoka China. Nimechoka, ndiyo maana ninaandika.

Katoni za yaya zinafikaka na maandishi ya Kichina tu. Basi nilitengeneza programu mu telefone. Ninapiga picha ya herufi, yenyewe inatafuta alama zake. Haijui kusoma kama mutu. Inahesabu mistari ya kulala na ya kusimama, inaangalia pahali mistari inakutana, kama kuko sanduku, kipande gani kiko juu na gani kiko chini. Kisha inalinganisha na herufi zenye nilishaifundisha. Nilimaliza miaka mbili juu ya hiyo kazi, nikikata picha moja moja wakati batoto balikuwa ku masomo. Yaya alikuwa anajivuna nayo mbele ya bateja.

Musimu uliopita dawa ya shamba ilifika na katoni zenye kulowana, karatasi za maelezo zilikuwa zimeoza. Nikapiga picha ya katoni ya juu. Herufi ya "majani" na ya "mududu" mu Kichina zote mbili ziko na sanduku katikati. Tofauti kubwa iko mu vipande vya juu na vya chini, na ni hapo maji ilikuwa imekula wino. Programu ikanionyesha majibu mbili: dawa ya bidudu, ama dawa ya kuua majani. Ya kwanza ilikuwa mbele kidogo tu. Yaya alikuwa ananingojea pamoja na bateja, mimi nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilikuwa pia na kiburi. Nikasema ni ya bidudu. Ile jibu ya pili sikuitaja.

Mu bale bateja kulikuwa mama moja wa kijiji cha Kalunguta, nitamuita Mama Kahambu, si jina lake. Ndiye alikuwa mukubwa wa kikundi cha bamama wenye kulima maharagi pamoja. Alinunua, akapuliza shamba yote ya kikundi. Nyuma ya siku chache maharagi ikageuka njano, ikakauka. Bamama balimutoa ku ukubwa. Balisema alipima dawa vibaya, bengine balisema ni makusudi.

Nilipopata habari, nilitafuta katoni ingine ya dawa ile ile, yenye haikulowana, nikapiga picha. Safari hii jibu ilikuwa moja: ya kuua majani. Nikamwambia yaya. Akasema: "Leki, mudogo wangu, hapana funua hiyo mambo. Bantu bakijua, nani ataamini tena hii nyumba? Na jina ya kwanza kuchafuka itakuwa yako." Chupa zenye zilibakia anaziuza sasa na jina ya kweli ya dawa, kama vile hakukupita kitu.

Juma iliyopita Mama Kahambu alikuja ku depo. Hakugombana. Aliketi juu ya katoni, akaniuliza pole pole: "Mwanangu, mashine yako ilisema nini siku ile?"

Nikajibu: "Ilisema ni dawa ya bidudu, mama."

Akatikisa kichwa. "Basi ni mimi. Mikono yangu imezeeka, nilizidisha."

Akaniomba nimufundishe kupima na kifuniko cha chupa, asirudilie kosa. Nilimufundisha. Nilikuwa namimina maji ndani ya kifuniko, namuonyesha mustari.

Bwana yangu anasema mashine ndiyo ilikosea, si mimi, niache. Lakini mimi najua majibu ilikuwa mbili. Yaya naye ndiye alinilea kisha baba yetu kufa, ndiye alinisomesha. Nikisema, ninamuangusha. Tangu siku Mama Kahambu alikuja ku depo sijapiga tena picha hata moja, ninadanganya yaya kama telefone iliharibika.

Jumapili hii, nyuma ya misa, Mama Kahambu atasimama mbele ya bamama benzake kuomba musamaha juu ya kosa yenye ni yangu. Ninyi wenye munasoma hapa, munishauri: niende Kalunguta niseme mbele yao, ama nibakie ku nyumba ninyamaze?